Ramani Husomwa kwa Miguu

Ramani ya kwanza ya nyumba yetu ilinifikia kwenye simu. Ilivutia kweli: vyumba vinne vya kulala, masta na choo chake, sebule kubwa, dining, jiko, stoo, na picha ya nyumba ikiwa imekwisha, nyasi zimekatwa vizuri na gari jeupe limeegeshwa mbele. Nikaenda nayo kwa mama. Mama hana mazoea na ramani, kwa hiyo nikamwonyesha kwa kidole: hapa sebuleni, hapa jikoni, chumba chako ni hiki, choo ni hiki hapa. Akaitazama kwa muda, kisha akauliza, "Sasa baba, nikitoka kuoga na kanga yangu, napita mbele ya wageni wote hao?"

Nikaangalia tena. Mlango wa choo cha familia ulifunguka sebuleni, mkabala na makochi. Mimi nilikuwa nimehesabu vyumba, yeye alikuwa ameshatembea ndani ya nyumba ambayo haijajengwa.

Wengi wetu tukipewa ramani tunauliza maswali ya idadi. Vyumba vingapi? Vyoo vingapi? Sebule ina ukubwa gani? Maswali hayo mchoraji yeyote anayajibu vizuri, maana vyumba ni rahisi kuviandika majina. Taabu iko kwenye njia: mtu anapita wapi, jua linaingilia wapi, maji machafu yanatokea wapi, na mzigo wa pesa unaongezeka wapi bila kuonekana kwenye karatasi. Nitaeleza jinsi tulivyoinyoosha ramani yetu hadi ikafika karatasi ya saba, na kwa nini kila badiliko lilifanyika.

Kiwanja chetu ni mita 20 kwa 25, nje kidogo ya Dar es Salaam, barabara ikipita upande wa magharibi. Tuko watu sita: mimi, mke wangu, watoto watatu, na mama ambaye magoti yanamsumbua. Kwa sababu ya magoti hayo suala la ghorofa halikujadiliwa hata dakika moja. Mimi si mbunifu majengo wala mhandisi. Michoro ya mwisho ilichorwa na kugongwa mhuri na mwenye taaluma, kisha ikapelekwa halmashauri kuombewa kibali cha ujenzi, na hapo ndipo unapoambiwa uache mita ngapi kutoka kwenye mipaka. Ukitaka kujua kama anayekuchorea amesajiliwa, kwa Tanzania kuna Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, na wahandisi wana bodi yao. Ila mtaalamu huchora anachoambiwa, na mengi niliyomwambia mwanzoni yalikuwa ya kijinga.

Mgeni, kanga na gunia la mkaa

Swali la mama lilitupa zoezi la kwanza. Tulitoa nakala ya ramani, tukachukua penseli tatu za rangi. Nyekundu ni ya mgeni: kutoka getini hadi anapokaa, na kutoka hapo hadi choo atakachotumia. Bluu ni ya watu wa nyumbani: mtoto anayerudi shule na viatu vya tope, mama anayeamka saa nane usiku kwenda chooni, mimi ninayetoka kuoga asubuhi nikitafuta shati. Nyeusi ni ya mizigo: mtungi wa gesi, gunia la mkaa, ndoo za maji siku bomba likikauka, takataka zinazotoka. Tulipomaliza, sebule ilikuwa imejaa mistari ya rangi zote kama stendi ya daladala. Hakuna aliyeweza kwenda popote bila kupita hapo, hata gunia la mkaa.

Wazee wa pwani walikuwa wamelimaliza jambo hili zamani. Katika nyumba za mawe za Lamu unaanzia dakani, yaani kibaraza cha mlangoni, unaingia kiwanda, yaani ua wa katikati, unafika msana, ukumbi unaotazama ua huo, halafu ndiyo ndani. Kila hatua ina watu wake, na aliyekuja kuuliza bei ya mashua haendi zaidi ya daka. Upana wa vyumba vyao haukutokana na matakwa ya mtu. Boriti za mikoko zilizobeba dari zilikuwa na urefu wake, kwa hiyo vyumba vilikuwa virefu na vyembamba, upana wa karibu mita tatu au pungufu. Hata nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo au Magomeni, ile ya vyumba sita na korido katikati, ilikuwa na mpangilio huohuo kwa watu wa kipato kidogo: baraza mbele kwa wapita njia na mazungumzo, uani nyuma kwa kupika, kufua na kuoga. Mgeni wa barazani na mtu mwenye kanga ya kuogea hawakukutana.

Ramani za kisasa zimeitoa baraza na kuufuta uani, kisha sebule ikabebeshwa kazi za vyote viwili. Ndiyo maana inakuwa kubwa na bado haitoshi.

Tulichofanya ni kuisogeza sebule pembeni, upande wa mbele, ili iwe mahali pa kufika, isiwe mahali pa kupita. Choo cha wageni kikawekwa karibu na mlango mkubwa. Jiko likapewa mlango wake wa nje unaotokea kibaraza chake, na mstari mweusi wote ukahamia huko. Vyumba vya kulala vikaenda nyuma ya ukuta wenye mlango mmoja unaofungwa.

Hapo likazuka tatizo la pili. Ukitenganisha wageni na vyumba unapata korido, na korido inakula nyumba. Yetu kwenye karatasi ya pili ilikuwa na upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 9. Zidisha: mita za mraba 10.8. Chumba cha kulala cha mita 3.3 kwa 3.3 kina mita za mraba 10.9. Maana yake tulikuwa tunajenga chumba kizima, tunakiwekea jamvi la zege, vigae na dari, ambacho hakuna atakayelala ndani yake, na chenye giza mchana kutwa. Mchoraji ndiye aliyetuokoa. Aliifuta korido, akaweka kiukumbi cha mraba, mita 2.4 kila upande, milango ya vyumba na choo cha familia ikakizunguka. Ni mita za mraba zisizofika sita. Kiukumbi hicho kina nafasi ya kabati la mashuka, na mama akitoka chumbani mwake anavuka hatua chache tu hadi chooni.

Ufinyu nao una mpaka wake. Korido ya senti 90, yaani sentimita, inaonekana inatosha kwenye karatasi mpaka siku unapotaka kuingiza friji au kitanda cha sita kwa sita. Na ingawa watu hawapendi kulitaja wakati wa kupanga nyumba mpya, kuna siku jeneza litatakiwa kuingia na kutoka, na nyumba ambayo jeneza linapitishwa kwa kuinamishwa dirishani inasemwa mtaani miaka mingi. Pimeni kona ya korido kwa kitu kirefu.

Chumba cha mita tatu ambacho si cha mita tatu

Hili lilinichukua muda kulielewa, na nimeona wengi wakiumia hapa.

Mchoro unaweza kuandika vipimo kwa namna mbili. Namba inaweza kuwa nafasi tupu ndani ya chumba, ukuta hadi ukuta. Au inaweza kuwa kutoka katikati ya ukuta huu hadi katikati ya ukuta ule. Tofali la inchi 6 lina unene wa karibu senti 15. Piga plasta pande zote mbili, senti moja na nusu kila upande, ukuta unakuwa senti 18. Chumba kilichoandikwa mita 3 kwa kipimo cha katikati hadi katikati kitabaki na mita 2.82.

Senti 18 zinaonekana kidogo. Sasa weka vitu. Kitanda cha tano kwa sita, pamoja na ubao wa kichwani na wa miguuni, kinafika mita 2. Kabati la nguo lina kina cha senti 60. Ukiweka kabati mkabala na miguu ya kitanda, umetumia mita 2.60. Zimebaki senti 22. Mlango wa kabati haufunguki, na mwenye chumba atapita kwa ubavu kama kaa maisha yake yote.

Kosa hilohilo hujirudia kwenye jumla. Ukikata nyumba ya mita 12 kwa mstari mmoja kutoka upande hadi upande, mstari unaweza kuvuka kuta tano. Tano mara senti 18 ni senti 90. Mtu anayejichorea mwenyewe kwenye daftari hujumlisha vyumba, akapata mita 12 kamili, akafurahi. Fundi akifika kiwanjani, karibu mita moja haipo, na fundi hataacha kujenga kwa sababu ya kukosa mita. Ataipata mahali, mara nyingi kwenye choo, kwa sababu choo hakina mtetezi.

Dawa yake ni ya kitoto na inafanya kazi. Uliza kipimo cha kila chumba ni cha namna gani, halafu kata vipande vya karatasi vya samani zako kwa skeli ya mchoro. Kwa skeli ya 1 kwa 50, senti moja ya karatasi ni nusu mita ya kweli, hivyo godoro la tano kwa sita ni kipande cha senti 3 kwa 3.7. Meza ya chakula ya watu sita, yenye senti 90 kwa 150, ni kipande cha senti 1.8 kwa 3, lakini usisahau kiti kinachosukumwa nyuma mtu akiinuka: ongeza senti 75 za kweli kila upande wenye kiti, au zaidi kama mtu atapita nyuma na sufuria la wali. Watoto wangu walifurahia kazi hii kuliko mimi. Binti wa kati ndiye aliyegundua kwamba mlango wa chumba chao ukifunguliwa unagonga kitanda, na kwamba milango miwili ya kiukumbi ikifunguliwa pamoja inagongana. Mchoro unakuwa na zile robo duara za milango kwa sababu hiyohiyo, ila mimi nilidhani ni mapambo.

Milango ya vyumba tuliipa senti 90, na choo anachotumia mama kikapewa mlango wa senti 90 vilevile badala ya 70. Magoti ya leo yanaweza kuwa kiti cha magurudumu kesho.

Ramani isiyo na kaskazini

Karatasi ya kwanza haikuwa na mshale wa kaskazini. Hilo pekee lilitosha kuniambia kwamba haikuchorwa kwa ajili ya kiwanja changu wala cha mtu yeyote. Baadhi ya ramani zinazozunguka mtandaoni zina asili ya Ulaya na Marekani, ambako jua la adhuhuri liko kusini mwaka mzima na mwenye nyumba analitafuta limpashe joto. Kioo kikubwa kusini kwao ni akili. Sisi wa Dar es Salaam tuko karibu nyuzi 7 kusini ya ikweta, na jua letu hubadilisha upande: kuanzia mwanzoni mwa Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba, saa sita mchana linakuwa kaskazini, miezi iliyobaki linakuwa kusini. Pande zote mbili linakuwa juu sana. Hata mwezi Juni, linapokuwa chini kabisa saa sita, linasimama nyuzi kama 60 kutoka kwenye upeo.

Jua la juu ni rahisi kulizuia. Upenu wa senti 80 hushusha kivuli cha karibu mita 1.4 kwenye ukuta wa kaskazini adhuhuri ya Juni, na zaidi ya hapo kwenye ukuta wa kusini adhuhuri ya Desemba. Kwa maana hiyo madirisha makubwa ya kaskazini na kusini hayana tatizo ukiwa na upenu wa heshima. (Ndiyo maana sielewi mapenzi yetu ya paa la kuficha, lile linalojificha nyuma ya ukuta. Unaukata upenu ili nyumba ionekane kama sanduku, kisha unanunua kiyoyozi kufidia kivuli ulichokikata, na mvua inalowesha kuta kila masika.)

Ukuta wa magharibi ni habari nyingine. Jua la saa kumi limeshainama, linaingia chini ya upenu wa kawaida, kila siku ya mwaka. Tofali la saruji hulinywa joto hilo jioni na kulitapika usiku. Gusa ukuta wa magharibi saa mbili usiku mwezi wa Februari utaelewa kwa nini watoto hawalali.

Upepo nao una ratiba. Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi ukitokea kaskazini-mashariki. Kusi hushika kuanzia Aprili hivi hadi Septemba au Oktoba ukitokea kusini na kusini-mashariki. Tazama hizo pande: zote mbili zina mashariki ndani yake. Kwa nyumba ya pwani, mashariki ndiko hewa inakotoka na magharibi ndiko inakokwenda, msimu wowote. Kwa hiyo vyumba vya kulala vinaomba mashariki, ambako jua la asubuhi ni la upole na kuta zimepoa ifikapo usiku. Stoo, vyoo na jiko vinaomba magharibi, ambako harufu inasukumwa nje na kuta zao zinakuwa ngao dhidi ya jua la jioni. Na kila chumba cha kulala kipate madirisha kwenye kuta mbili, maana upepo usio na pa kutokea hauingii.

Tatizo letu ni kwamba barabara ilikuwa magharibi. Desturi inataka sebule na madirisha yake makubwa vitazame barabara, watu waone. Tulibishana jioni mbili. Mke wangu akamaliza kwa swali moja: "Hii nyumba ni ya wapita njia au ni ya kwetu?" Basi uso wa nyumba ukapewa kibaraza kipana, mita 2.5, chenye kivuli cha kukalia, pamoja na choo cha wageni na kidirisha chake kidogo. Sebule ikabaki mbele lakini inatazama kaskazini kwa ubavu. Jiko lilienda pembe ya kusini-magharibi, na hapo ilibidi tukubali hasara: jiko la magharibi linamwivisha mpishi wa jioni. Tulilipatia kibaraza upande huo na mwarobaini umeshapandwa, ila kwa miaka michache ya mwanzo anayepika ataumia kidogo.

Anayejenga Njombe au Mbeya asinifuate neno kwa neno. Kule Juni na Julai baridi inauma, na jua la kaskazini kupitia dirishani ni zawadi.

Maji machafu hayapandi mlima

Bomba la maji ya choo la inchi 4 linahitaji mteremko. Kipimo kinachotumika sana ni 1 kwa 40: kila mita 10, bomba lishuke senti 25. Ramani yetu ya kwanza ilikuwa na choo cha masta kwenye pembe ya nyuma kabisa, na shimo la maji taka mbele, kwa sababu gari la kunyonya lazima lifike. Umbali ulikuwa mita 18 hivi. Hizo ni senti 45 za kushuka, juu ya kina cha kuanzia, na chemba njiani kila bomba linapokata kona. Kiwanja chako kikiwa tambarare, au kikiwa kimeinama kuelekea upande usioutaka, unajikuta unanyanyua msingi mzima kwa ajili ya choo kimoja.

Tulivipanga vyoo viwili vya ndani na jiko kwa kufuatana kwenye ukuta wa kusini, choo cha masta na cha familia vikapeana mgongo. Bomba likafupika hadi kama mita 9. Fundi bomba alipoiona karatasi hiyo alicheka akasema, "Bosi, hapa umeninyima hela." Tanki la maji nalo likawekwa upande huohuo. Kumbuka lita 1,000 zina uzito wa tani moja, hivyo mnara wa tanki la lita 2,000 unabeba tani mbili na una msingi wake, hauwekwi popote panapobaki.

Kona

Mafundi wana msemo kwamba kona ndiyo inayokula hela. Niliudharau mpaka nilipokokotoa. Nyumba ya mstatili, mita 12 kwa 10, ina mita za mraba 120 na mzunguko wa mita 44. Ramani yetu ya kwanza ilikuwa na ukubwa huohuo, lakini imechongwachongwa, kona kumi, na mzunguko wake ulikuwa mita 50. Mita 6 za ziada kwa ukuta wa kimo cha mita 3 ni mita za mraba 18. Kwa tofali 9 au 10 kwa kila mita ya mraba, hizo ni tofali kama 170, kabla hujahesabu msingi wake chini, zege na nondo za lenta (mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha), plasta ndani na nje, na rangi. Hakuna chumba kilichoongezeka hata kwa senti moja.

Ghali zaidi ni paa. Kila mahali nyumba inapochomoza, mapaa mawili yanakutana na kutengeneza bonde, na mabondeni ndiko maji yanakopenyea. Kenchi zinakuwa za vipimo tofauti, bati zinakatwa kwa mshazari na vipande vinabaki chini. Tulipunguza hadi kona sita. Picha ya nyumba ikapoteza madoido, na kijana wangu akasema inafanana na shule ya msingi. Labda.

Kuna jambo ambalo michoro ya mtandaoni haiwezi kulijua: wengi wetu hatujengi kwa mkopo wa benki, tunajenga kwa mfuko. Msingi mwaka huu, boma mwaka ujao, kupaua Mungu akijalia. Halafu unahamia nyumba haijaisha kwa sababu kodi ya mwenye nyumba inakusulubu. Kwa hiyo ramani inatakiwa kujibu swali hili pia: nikihamia na nusu, ni nusu ipi? Yetu inaruhusu kumalizia kwanza jiko, choo cha familia, chumba cha mama na chumba kimoja kikubwa, vyote vikiwa upande mmoja wa mlango wa kiukumbi, huku sebule ikisubiri vigae. Paa tuliamua liezekwe lote kwa mara moja, hata kama itachelewa. Paa linalounganishwa baadaye huvuja pale pale lilipoungwa. Mabomba ya nyaya za umeme nayo yanaingia ukutani kabla ya plasta, hata kwenye vyumba ambavyo havitawaka taa kwa miaka miwili.

Majivu na kamba

Mabadiliko yote haya yana hatari moja: karatasi zinazaliana. Siku ya kuseti msingi nilichelewa na foleni, nikakuta vibarua wameshachimba mtaro upande wa masta kwa karatasi ya tatu. Fundi alikuwa nayo kwenye mfuko wa suruali tangu mwezi mmoja nyuma, na hakuna aliyemwambia kuna nyingine. Sikuwa na wa kumlaumu. Nikalipa siku ya kufukia na siku ya kuchimba upya. Tangu hapo kila karatasi ina namba na tarehe, na mpya ikitoka, ya zamani inachanwa mbele ya fundi.

Kabla ya kuchimba upya tulifanya kitu ambacho tulipaswa kukifanya mapema zaidi. Fundi alipigilia vigingi, akafunga kamba, tukamwaga majivu chini kwenye kila ukuta na kuacha nafasi za milango. Ramani ikawa kubwa kama nyumba. Mke wangu alisimama jikoni akageuka huku na huku kama anayetoa ugali mezani, akaomba dirisha lisogezwe ili awaone watoto wakiwa uani. Watoto walilala chini kwenye vyumba vyao kuona vinatosha. Chumba kilichochorwa chini bila kuta huonekana kidogo kuliko kitakavyokuwa, tulishaonywa, kwa hiyo hatukuongeza chochote kwa woga.

Mama alikuja jioni jua limepungua, na fimbo yake. Akaingia kwa mlango wa chumba chake, hakuruka majivu, akageukia kiukumbini, akafika chooni. Alikuwa anahesabu kwa sauti ya chini. "Tisa," akasema. Akarudi chumbani akasimama palipoandikwa kitanda.

"Na swichi ya taa? Naishika nikiwa nimekaa kitandani, au nainuka gizani kwanza?"

Nikafungua karatasi ya sita juu ya boneti ya gari. Swichi ilikuwa nyuma ya mlango.